Damião de Góis na ungamo la Mhabeshi

Mwaka 1540, katika mji wa chuo wa Leuven, ambao leo uko Ubelgiji, kilichapishwa kitabu chembamba cha Kilatini kuhusu imani na desturi za Wahabeshi. Jina lililowekwa mbele ni la Mreno, Damião de Góis. Lakini ukikifungua, sehemu kubwa ya maneno si yake. Zimo barua zilizotoka kwa Malkia Eleni na kwa Mfalme Lebna Dengel wa Uhabeshi, na limo ungamo refu la imani lililotungwa na kasisi Mhabeshi, Saga Zaab, alipokuwa amekwama Lisbon mwaka baada ya mwaka. Góis alilifasiri ungamo hilo kwa Kilatini, akaandika maneno machache ya kulitanguliza, kisha akakaa pembeni.

Leo jambo hilo laweza kuonekana dogo. Mtu kaulizwa, kajibu, majibu yake yamechapwa, basi. Wakati ule halikuwa dogo hata kidogo. Kwa karne nne hivi Wazungu walikuwa wakisimuliana habari za Prester John, mfalme Mkristo mwenye mali zisizohesabika aliyedhaniwa kuishi ng'ambo ya nchi za Waislamu, mara Asia, mara Uhabeshi. Wareno walipoanza kuizunguka Afrika kwa merikebu, walimtafuta yeye sambamba na pilipili. Mfalme huyo wa hadithi alisema kila kitu Ulaya ilichopenda kusikia, kwani Ulaya ndiyo iliyomtungia maneno. Saga Zaab alikuwa mtu wa nyama na damu, na alisema mambo ambayo wenyeji wake wa Lisbon hawakuyapenda. Uamuzi wa kuyatia chapani ndio ninaotaka kuufuata hapa: ulitoka wapi, ulimgharimu nini aliyeufanya, na ulikomea wapi. Maana ulikoma, na mojawapo ya mahali ulipokoma ni pwani yetu.

Góis alizaliwa mwaka 1502 huko Alenquer, mji mdogo kaskazini mwa Lisbon, mwaka uleule Vasco da Gama alipong'oa nanga kwa safari yake ya pili ya Bahari ya Hindi. Akiwa na miaka tisa alipelekwa kwenye kasri la Mfalme Manuel I kuwa mtumishi mdogo. Ureno ilikuwa nchi ya watu milioni moja na ushei, lakini vitu vilivyoshushwa bandarini kwake vilitoka nusu ya dunia. Mwaka 1515 mfalme aliamuru kifaru na tembo wapambanishwe mbele ya watu, aone kama waliyoandika Warumi wa kale juu ya uadui wa wanyama hao ni kweli. Tembo akatimua mbio. Góis, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kasri, alikuja kukisimulia kisa hicho katika historia yake ya utawala wa Manuel. Ni kisa cha kuchekesha, ila kina tabia ya zama zake: kitabu cha kale kimesema hivi, haya basi, tufungue zizi tuangalie.

Mwaka mmoja kabla ya kifaru, yaani 1514, alikuwa ameingia Lisbon mjumbe wa Malkia Eleni, aliyeitwa Mateo. Alipitia Goa, na njiani manahodha wa Kireno walimtesa wakimshuku kuwa jasusi. Mfalme Manuel alimpokea kwa heshima kubwa. Kijana wa miaka kumi na miwili aliyekuwa akihudumu kasrini hakuisahau sura ya mjumbe huyo, wala maswali aliyoulizwa, wala majibu yake kuhusu dini ya kwao. Miaka kumi na minane baadaye habari za ujumbe huo ndizo zilizokuwa kitabu chake cha kwanza.

Mwaka 1523 Mfalme João III, mwana wa Manuel, alimtuma Antwerp kuwa karani katika kituo cha biashara cha Wareno. Huko ndiko pilipili na viungo vya Mashariki vilikouzwa kwa wafanyabiashara wa Ulaya ya kaskazini. Kazi yake ilikuwa ya hesabu na barua, pamoja na kutumwa huku na huku: Polandi, Lithuania, Denmark. Tusimfikirie kama mwanachuo aliyekulia maktabani. Kilatini chenyewe, lugha ya kila msomi wa siku zile, alianza kujifunza kwa bidii akikaribia miaka thelathini, na marafiki zake wasomi walilazimika kumsaidia kunyoosha sentensi. Naona ucheleweshaji huo ulimfaa. Alijua kusikiliza watu kabla ya kujua kusoma vitabu vyao.

Hapa inafaa kueleza wahumanisti wa Renesansi walikuwa watu gani. Walikuwa kwanza watu wa lugha. Walisoma na kufundisha sarufi, ufasaha, historia, ushairi na maadili kwa kutumia vitabu vya Wagiriki na Warumi wa kale, na kanuni yao kuu ilikuwa kurudi kwenye chanzo. Ukitaka kujua Agano Jipya linasema nini, usiridhike na fasiri ya Kilatini iliyozoeleka; tafuta hati za Kigiriki, uzilinganishe, uone wanakili walikosea wapi. Mholanzi Erasmus wa Rotterdam, bingwa wao mkubwa, alifanya hivyo hasa mwaka 1516 alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki pamoja na fasiri yake mpya. Elimu hiyo ya maktabani ilikuwa na makali yake, kwa sababu mtu aliyezoea kuuliza chanzo cha hati haishii kwenye hati. Atauliza chanzo cha sheria ya kufunga, cha mamlaka ya askofu, cha umbea unaosemwa juu ya watu wa mbali.

Góis alikutana na Erasmus mjini Freiburg, na mwaka 1534 aliishi nyumbani kwa mzee huyo kwa miezi kadhaa. Erasmus alikuwa mgonjwa, anagombezwa na Wakatoliki kwa kuwa laini mno kwa wanaoharibu mapokeo, na kugombezwa na Waprotestanti kwa kukataa kujiunga nao. Alibakiwa na miaka miwili tu ya kuishi. Mgeni wake Mreno alimletea masuala ambayo Erasmus hakuwa amezoea kuyafikiri: Wakristo wa Afrika, na watu wa baridi ya kaskazini kabisa.

Watu hao wa kaskazini walimfikia Góis kwa njia ya kazi. Katika safari zake alikwenda Danzig, ambao leo ni Gdańsk, akafahamiana na Johannes Magnus, askofu mkuu Mswidi aliyekuwa uhamishoni baada ya nchi yake kugeukia upande wa Luther. Góis alimsimulia habari za Mateo na Uhabeshi. Magnus naye akamweleza habari za Wasami, wafugaji wa kulungu wa barafu walioishi juu ya Uswidi na Finland. Kutokana na maongezi hayo ukazaliwa ule mkusanyo wa kwanza, uliochapishwa Antwerp mwaka 1532, ambao ndani yake Góis aliunganisha habari za ujumbe wa Uhabeshi na malalamiko kwa niaba ya Wasami. Hoja yake kuhusu Wasami ilikuwa kali: wakubwa wa nchi hawakujali wafundishwe dini, kwani waliona faida zaidi kuwakamua wakiwa hawana mtetezi. Mwaka uliofuata John More, mwana wa mhumanisti Mwingereza Thomas More, alikifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza. Erasmus naye aliwataja Wasami katika kitabu chake kikubwa cha mwisho kuhusu kuhubiri, cha mwaka 1535.

Kitabu hicho cha kwanza, hata hivyo, kilikuwa na upungufu ambao Góis aliutambua baadaye. Majibu ya Mateo yalikuwa yamepitia wakalimani, na Mateo mwenyewe hakuwa kasisi wa Kihabeshi. Alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Armenia. Kwa kanuni ya wahumanisti hicho kilikuwa chanzo kilichochanganyika na maji. Ndipo mwaka 1533, aliporudi Lisbon kwa muda mfupi, akakutana na Saga Zaab.

Saga Zaab alifika Ureno mwaka 1527. Alikuja pamoja na kasisi Francisco Álvares na ujumbe wa Wareno waliokuwa wamekaa Uhabeshi kwa miaka sita, akiwa mjumbe rasmi wa Lebna Dengel kwa mfalme wa Ureno na kwa Papa. Alitegemea kumaliza kazi na kurudi. Badala yake alikalishwa. Wanatheolojia wawili wa mfalme, Diogo Ortiz na Pedro Margalho, walimhoji kwa kirefu kuhusu dini ya kwao: kwa nini mnatahiri? Kwa nini mnashika Sabato ya Jumamosi kama Wayahudi? Kwa nini hamli vyakula fulani? Kwa nini mapadri wenu wana wake? Hawakuridhika na majibu. Kasisi huyo aliyevuka bahari akiwa mjumbe wa taifa la Kikristo lililotangulia la Ureno kwa karne nyingi akanyimwa Komunyo, kana kwamba hajabatizwa.

Góis alimwomba aiandike imani ya kanisa lake mwenyewe, kwa mkono wake. Saga Zaab alikamilisha ungamo hilo mwaka 1534, nalo likamfikia Góis akiwa masomoni Padua, Italia. Yaliyomo ndiyo yanayolipa thamani. Anaanzia na nasaba: Malkia wa Sheba na mwanawe Menelik, na yule towashi wa Malkia Kandake aliyebatizwa na Filipo, anayesimuliwa katika Matendo ya Mitume. Anaeleza uhusiano wa kanisa lake na patriarki wa Aleksandria. Kisha anaingia kwenye maswali ya Lisbon, moja baada ya jingine. Jumamosi na Jumapili huheshimiwa zote mbili, kila moja kwa sababu yake. Tohara ni desturi ya mababu, na hakuna anayefundishwa kwamba ndiyo itakayomwokoa. Vyakula ni suala la mila, na Mitume hawakumlazimisha mtu.

Halafu anageuza meza. Analalamika kwamba kwa miaka yote hiyo amekatazwa mwili wa Bwana kama mpagani, na anauliza ni wapi Wakristo walipoagizwa kuhukumiana hivyo kwa mambo ya desturi. Anaomba Mgiriki, Mwarmenia, Mhabeshi na kila aliyebatizwa waachwe waishi pamoja kwa upendo, kila mmoja na kawaida yake. Kwa Ulaya ya 1540, iliyokuwa imepasuka vipande kwa ajili ya dini, wazo hilo lilikuwa na uzito kupita mipaka ya Uhabeshi. Kila msomaji aliyekuwa na jirani wa dhehebu jingine alijua anasemwa nani. Naamini Góis alijua pia, na sidhani ni bahati tu kwamba hoja ya uvumilivu aliyokuwa akiisikia mezani kwa Erasmus ilipata kutokea kwa wazi kabisa katika kinywa cha Mwafrika. Kuna anayeweza kusema alimtumia. Labda kidogo. Lakini maswali aliyohojiwa Saga Zaab, na kunyimwa kwake Komunyo, vilikuwa vya Saga Zaab mwenyewe, na Góis hakuvipunguza makali ili kuwafurahisha Margalho na wenzake.

Gharama haikukawia. Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi, ilikuwa imeanzishwa Ureno mwaka 1536, na tangu 1539 mkuu wake alikuwa Henrique, ndugu wa mfalme. Mwaka 1541 kitabu kilipigwa marufuku kuuzwa Ureno. Henrique alimwandikia Góis barua ya upole kumweleza: hana shaka na yeye binafsi, tatizo ni hoja za yule Mhabeshi dhidi ya wanatheolojia wa Ureno, ambazo hazikupata jibu ndani ya kitabu. Ukiisoma vizuri sababu hiyo, kosa halikuwa Mhabeshi kukosea. Kosa lilikuwa ameachwa aseme mpaka mwisho bila mtu wa kumkata kauli. Huko nje, Paris na kwingineko, kitabu kiliendelea kuchapishwa upya.

Miaka ya Padua na Leuven ilikuwa na mengine ambayo nitayapitia haraka. Alifasiri kwa Kireno kitabu cha Cicero kuhusu uzee, kikachapishwa Venice mwaka 1538. Alimwoa Johanna van Hargen, binti wa nyumba bora ya Uholanzi. Aliandika kusifu ushujaa wa Wareno katika kuzingirwa kwa Diu, India, na akajibizana na Mwitaliano Paolo Giovio aliyelalamikia Wareno kuhodhi pilipili. Alitunga muziki pia, na wimbo wake mmoja wa sauti tatu uliingizwa katika kitabu mashuhuri cha nadharia ya muziki cha Glareanus, cha mwaka 1547. Wafaransa walipouzingira mji wa Leuven mwaka 1542 alishiriki kuulinda, akakamatwa, akashikiliwa Ufaransa zaidi ya mwaka mpaka akakombolewa kwa fedha.

Mwaka 1545 alirudi nyumbani kwa wito wa mfalme, akitarajiwa kumfundisha mwana wa mfalme. Hapo akajitokeza mtu aliyemfahamu tangu Padua: Simão Rodrigues, mmoja wa Wajesuiti wa kwanza kabisa, ambaye sasa alikuwa mkuu wa shirika hilo Ureno. Rodrigues alikwenda Inkwizisheni akatoa taarifa kwamba Góis ana mawazo ya Kilutheri. Alirudia mwaka 1550. Hakuna kilichofuata wakati huo, ila kazi ya ualimu ilipotea, na karatasi zile ziliwekwa. Mwaka 1548 Góis alikabidhiwa kazi nyingine, ya kutunza nyaraka za taifa katika Torre do Tombo, mnara uliokuwa ndani ya ngome ya Lisbon. Ilikuwa kazi iliyomkaa hasa: mtu wa kutafuta chanzo amepewa funguo za vyanzo.

Mwaka 1558 Henrique, yuleyule aliyepiga marufuku kitabu cha Uhabeshi, ambaye sasa alikuwa kardinali, alimwagiza aandike historia ya utawala wa Manuel I. Ilitoka kwa sehemu nne mwaka 1566 na 1567. Waandishi wa aina hii walilipwa ili wasifu, na Góis alisifu. Lakini koo kubwa zilikasirika kwa alivyowagusa mababu zao, na kurasa kadhaa zikabadilishwa. Zipo kurasa mbili tatu ambazo hata leo zinashangaza kwamba ziliruhusiwa.

Moja inahusu mwaka 1497, Manuel alipoamuru watoto wa Wayahudi wanyang'anywe wazazi wao wabatizwe. Góis anaeleza vilio, na wazazi walioona afadhali wawaue watoto kwa mikono yao. Kisha anauliza swali ambalo mtunga sifa angelikwepa: mbona watoto wa Waislamu, waliofukuzwa wakati uleule, hawakuchukuliwa? Jibu lake ni la mtu aliyekaa na hati za siasa: Waislamu wana wafalme Afrika na Asia wanaoweza kulipiza kisasi kwa Wakristo walio chini yao, Wayahudi hawana taifa lolote la kuwasemea. Ukurasa mwingine ni wa Aprili 1506. Wakristo wapya, yaani wale Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu na watoto wao, walichinjwa Lisbon kwa siku tatu, watawa wawili wa Kidominiko wakiuchochea umati kwa msalaba mkononi. Góis anataja waliouawa kuwa zaidi ya 1,900, bila kupunguza sauti. Alikuwa akiandika hayo huku Inkwizisheni ikiwawinda wajukuu wa waliouawa.

Sasa tuje Kilwa na Mombasa. Historia ya Manuel haiwezi kuandikwa bila pwani ya Afrika Mashariki, na Góis anaifika mara kwa mara: Vasco da Gama Mombasa na Malindi mwaka 1498, da Gama tena mwaka 1502 akimtisha mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, mpaka akubali kulipa kodi, Francisco de Almeida mwaka 1505 akiiteka Kilwa, akimweka mtawala anayemtaka, na wiki chache baadaye akiichoma Mombasa. Dhahabu ya kodi ile ya Kilwa ilifuliwa na sonara Gil Vicente kuwa monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, ya monasteri ya Belém, ikakamilika mwaka 1506, na hadi leo inaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Lisbon, yenye Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuuzunguka mwili wa Bwana.

Nimeitafuta katika masimulizi hayo ile desturi ya 1540, nami naona haimo. Watu wa Kilwa na Mombasa wanaonekana kutoka kwenye sitaha ya merikebu. Ni Wamoro, neno moja la Kireno kwa Mwislamu wa Fez, wa Hormuz na wa Lamu. Wanadanganya, wanaogopa, wanapigana vizuri au vibaya, hawaelezi. Udhuru wa kusema hakukuwa na chanzo hautoshi. Barua ambayo mfalme wa Mombasa alimwandikia mwenzake wa Malindi baada ya mji wake kuteketezwa, akimhadharisha na wageni hao, imehifadhiwa ndani ya simulizi la safari yenyewe ya Almeida. Na João de Barros, mwanahistoria wa zama hizohizo ambaye hakuwahi kufika India, alipata historia ya wafalme wa Kilwa iliyotungwa na wenyewe, akaiingiza katika kitabu chake cha mwaka 1552, miaka kumi na minne kabla ya Góis. Ukiweka pembeni nakala ya Kiarabu iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877, kitabu cha Barros ndicho kinachotupa orodha ya masultani wa Kilwa. Barros, mtetezi wa ushindi kuliko Góis, ndiye aliyeona kwamba mji uliotekwa ulikuwa na maandishi yake.

Kwa nini basi yule aliyempa kalamu Saga Zaab hakuwa na nafasi kwa Kilwa? Sioni kwamba ni suala la rangi, kwa kuwa Saga Zaab alikuwa mweusi. Ilikuwa dini, na dini ikiwa imefungamana na biashara. Uvumilivu wa Erasmus ulikuwa wa nyumba moja yenye ndugu wengi: Mgiriki, Mwarmenia, Mhabeshi, Mlutheri kama atatulia. Myahudi alipata huruma ya Góis, na hiyo tayari ilikuwa hatari. Hakupata ukurasa wa kusema kwa kinywa chake. Mwislamu wa pwani alikuwa nje ya uzio, na tena alikuwa mshindani katika biashara iliyomlisha Góis tangu Antwerp. Mtu aliyetetea bei ya pilipili dhidi ya Giovio hakuwa na sababu ya kumuuliza mfanyabiashara wa Mombasa anavyoiona bei hiyo. Simlaumu kwa kutokuwa mtu wa karne yetu. Namlaumu kidogo kwa kuwa zana alikuwa nayo, na Barros aliyekuwa mji mmoja naye aliitumia.

Tarehe 4 Aprili 1571 Inkwizisheni ilimkamata. Alikuwa na miaka sitini na tisa, mjane. Karatasi za Rodrigues za 1545 zilitolewa kabatini na mashahidi wapya wakaitwa, akiwemo mkwe wake. Majirani walieleza kwamba wageni wa nchi za nje hukutana kwake wakaimba nyimbo zisizofahamika. Kulikuwa na nyama ya nguruwe iliyoliwa siku ya mfungo. Kubwa kuliko yote, mwaka 1531, katika mojawapo ya safari zake za kazi, alikuwa amepita Wittenberg, akaonana na Martin Luther na mwenzake Philip Melanchthon. Kwa msomaji wa Moshi au Bukoba, ambaye huenda ana Walutheri nyumba ya kulia na ya kushoto, uzito wa kosa hilo si rahisi kuuhisi. Katika Lisbon ya mwaka ule lingeweza kumfikisha mtu kwenye moto. Mwaka uliofuata, Góis angali kifungoni, Luís de Camões alichapisha mjini humohumo utenzi wake mkubwa wa kuitukuza safari ya da Gama. Historia ya utawala ule ilikuwa imekwisha kuandikwa na mfungwa. Taifa likachukua utenzi.

Kifungoni aliugua ngozi na miguu. Aliwaandikia mahakimu kuomba kitabu chochote cha Kilatini, kwani alikuwa akioza kwa kukaa bure. Alijitetea kwamba alikuwa kijana mwenye udadisi, kwamba aliungama dhambi hiyo zamani, kwamba barua zake na wazushi zilikuwa na nia ya kuwarudisha. Mwishoni mwa 1572 walimhukumu kunyang'anywa mali na kutubu maisha yake yote katika monasteri ya Batalha. Baadaye aliachiwa akarudi Alenquer, na huko akafa tarehe 30 Januari 1574. Simulizi za kifo chake hazikubaliani: wapo waliosema alianguka kwenye moto wa mekoni, wapo waliosema aliuawa. Kaburi alikuwa ameliandaa mwenyewe tangu 1560, na maandishi yake ya Kilatini.

Jalada la kesi yake lilinusurika, na liko leo katika Torre do Tombo, katika nyaraka zilezile alizozitunza kwa zaidi ya miaka ishirini. Karani wa Inkwizisheni alikuwa na wajibu wa kuandika kila neno la mshtakiwa, hata lisilo na maana kwa kesi, kwa hiyo mahakama iliyokusudia kumnyamazisha ndiyo iliyohifadhi sauti yake ndefu kuliko zote, kama ambavyo maswali ya Ortiz na Margalho yalimfanya Saga Zaab aandike. Humo, kati ya maswali kuhusu toba na mamlaka ya Papa, mzee anakumbuka Wittenberg ya miaka arobaini nyuma: alimsikia Luther akihubiri Jumapili ya Matawi, wakala pamoja, kisha wakaenda nyumbani kwa Luther ambako mkewe aliwaandalia njugu za hazeli na matofaa, na kwa Melanchthon walimkuta mke akisokota nyuzi, amevaa nguo kuukuu.